Balozi akimpigia mbunge simu, nani aruhusiwe kusikiliza?

Makala yangu kuhusu simu za Waisraeli na wabunge wa Marekani zilizonaswa mwaka 2015 imeleta maswali mengi. Nayajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Ndugu mwandishi, sikuisoma makala ya kwanza. Kwa kifupi, nini kilitokea? (Msomaji, Dodoma)

Julai 14, 2015 Iran ilifikia makubaliano ya nyuklia na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo. Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, aliyapinga waziwazi. Machi 3 mwaka huohuo alikuwa amehutubia Bunge la Marekani kwa mwaliko wa Spika John Boehner, bila Ikulu kushirikishwa. Kwa kuwa sheria iliwapa wabunge nafasi ya kuyakataa makubaliano hayo, Israel iliwaendea wao moja kwa moja.

Mwishoni mwa Desemba gazeti la Wall Street Journal likaripoti kuwa NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano, liliendelea kumfuatilia Netanyahu na wasaidizi wake, na kwa njia hiyo likayapata pia mazungumzo yao na wabunge. Itakumbukwa kuwa Januari 2014, baada ya kufichuka kuwa simu ya Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani, ilikuwa ikinaswa, Rais Obama alikuwa ameahidi kuacha kuwapeleleza viongozi wa nchi rafiki, isipokuwa pale usalama wa taifa unapolazimu.

Nchi ya nje kuwashawishi wabunge wa nchi nyingine si kosa? (Msomaji, Nakuru)

Si kosa. Ni sehemu ya kazi ya balozi. Mwaka huohuo wa 2015 mabalozi wa Afrika walioko Washington, wa kwetu wakiwemo, walikuwa wakizunguka kwenye ofisi za wabunge kuomba AGOA, mpango unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, iongezewe muda, na ikaongezewa. Viwanda vya nguo vya Kenya vilinufaika. Sitaki kamwe kazi ile iitwe uhaini.

Mkataba wa Vienna wa 1961 unawakataza wanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi waliyopangiwa, lakini hauonyeshi ushawishi unaishia wapi na kuingilia kunaanzia wapi. Marekani yenyewe, tangu 1938, inamtaka anayelipwa kuitetea serikali ya nje ajiandikishe serikalini, ili kila mtu ajue anamsemea nani. Balozi mwenyewe hajiandikishi, kwa sababu bwana wake anajulikana. Tatizo huanza mtu anapomficha aliyemtuma, au fedha inapoingia.

Kama kusikiliza mataifa ya nje ndiyo kazi ya NSA, walikosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo swali lenyewe, na naomba nilijibu polepole.

Kumsikiliza Netanyahu kunaweza kutetewa. Kila serikali inataka kujua mwenzake anapanga nini, hasa katika jambo la silaha za nyuklia. Shida ni kwamba simu ina pande mbili. Anayemsikiliza balozi akizungumza na seneta amemsikiliza seneta pia, na seneta huyo ni wa mhimili mwingine wa dola, ambao kazi yake ni kuibana serikali hiyohiyo inayosikiliza. Tena hapa serikali haikuwa mtazamaji. Ilikuwa na pambano lake na Bunge kuhusu makubaliano hayo, ikihesabu kura moja moja.

Kanuni zipo. Jina la Mmarekani aliyenaswa kwa bahati hufichwa kwenye ripoti, na tangu miaka ya 1990 upo utaratibu kwamba jina la mbunge likifichuliwa kwa serikali, viongozi wa Bunge waarifiwe. Lakini katika mabishano ya watu wachache wanaojulikana, kuficha jina hakufichi sana. Ukiambiwa seneta fulani ameulizwa nini kitambadilisha msimamo, na wewe umeshinda wiki nzima ukizungumza na maseneta haohao, utamtambua.

Kinachoniuma zaidi ni namna Ikulu ilivyojitoa. Kwa mujibu wa gazeti lile, maofisa waliona kuwa kuomba taarifa hizo kwa maandishi kungekuwa hatari kisiasa, basi wakaiachia NSA iamue ipeleke nini na izuie nini. Hawakusema fanyeni, hawakusema msifanye. Kwangu huo ndio uovu wa jambo lote. Uamuzi mzito wa kisiasa uliachiwa watu wasiochaguliwa na yeyote, na aliyenufaika nao akabaki bila saini popote. Afadhali rais angeagiza kwa jina lake, ahojiwe kwa jina lake.

Wala hofu hii si ya kubuni. Nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2013 zilionyesha kuwa wakati wa vita vya Vietnam NSA ilimfuatilia Seneta Frank Church, mkosoaji wa vita hivyo.

Kwa hiyo mbunge fisadi aachwe tu? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Mtazame Bob Menendez, aliyekuwa seneta wa Marekani. Mwaka 2022 wapelelezi waliipekua nyumba yake wakiwa na kibali cha mahakama, wakakuta fedha taslimu na vipande vya dhahabu. Mwaka 2024 akatiwa hatiani kwa hongo na kwa kutumika kama wakala wa Misri, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 11. Hapo palikuwa na tuhuma mahususi, jaji, kesi ya wazi na wakili wa utetezi.

Uingereza nayo, kwa sheria yake ya 2016, anayetaka kunasa mawasiliano ya mbunge kwa kawaida anahitaji waziri, kamishna wa kimahakama na Waziri Mkuu wote wakubali. Napenda kwamba yupo jaji katikati. Ila sheria hiyo inamhusu mbunge anayelengwa. Yule anayenaswa kwa kuwa alipigiwa simu na mtu anayelengwa bado hana ulinzi wa namna hiyo.

Netanyahu alishinda? (Msomaji, Muscat)

Hakushinda. Septemba 10, 2015 wapinzani wa makubaliano walipata kura 58 dhidi ya 42 katika Seneti, na zilihitajika 60 ili kufunga mjadala na kupiga kura yenyewe.

Na sisi tusio wabunge wala Wamarekani? (Msomaji, Tanga)

Ulinzi wa jina nilioueleza ni wa raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Kijana wa Tanga anayeishi Minneapolis kwa kibali cha ukazi wa kudumu analindwa. Mama yake aliyebaki Tanga ni mgeni katika sheria ya Marekani ya kunasa mawasiliano, na mgeni aliye nje ya Marekani anaweza kulengwa bila jaji kutoa kibali kwa jina lake. Agizo la Obama la Januari 2014 liliahidi staha fulani kwa taarifa za wageni, lakini agizo la rais si sheria ya Bunge. Wabunge wa Marekani walipokasirika walikuwa na haki. Ningependa wakasirike hivyohivyo kwa ajili ya mama huyo, kwa sababu wao ndio wanaoipigia kura sheria hiyo ya kunasa mawasiliano kila muda wake unapokwisha.