Naandika tasnifu, paka wa mtaani kanihamia, nifanyeje?

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema uko mwaka wa mwisho wa uzamivu, unaishi peke yako, wanyama hujawahi kuwataka, halafu huyu paka akaanza kukaa dirishani, ukamfukuza akarudi, ukampa mabaki ya chakula ili aondoke, na sasa mchana anaingia ndani ila usiku unamtoa, kisha hulali unamsikiliza anavyolia mlangoni. Unauliza umfukuze kabisa au umwache hivyohivyo mpaka umalize kuandika.

Hivyohivyo hapana. Paka hajui habari za tasnifu, anachojua ni kwamba mlango uleule mchana unafunguliwa usiku unafungwa, anaishi roho juu, na wewe mwenyewe huna amani.

Ila jibu umeshalitoa. Umeandika kwamba alilala juu ya sura ya 3 uliyoichapa ukaona bora usomee kwenye simu kuliko kumwamsha. Mtu asiyemtaka paka angevuta karatasi zake, mwanangu! Na vile anavyokutazama huku anafumba macho taratibu ukadhani ana usingizi, hapo anakuonyesha kuwa hana hofu na wewe, mfumbie na wewe polepole uone.

Kwa hiyo mchukue, ila umchukue kikamilifu. Uliza majirani kwanza asije akawa wa mtu, halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, manake paka naye anaupata huo ugonjwa na akikung'ata anakuambukiza. Kama ni jike afungwe kizazi mapema, hapo usichelewe kabisa, mimba yake ni kama miezi 2 tu na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Maziwa achana nayo, paka wakubwa wengi yanawaharisha, mpe maji. Na akiumwa usije ukampa parasetamoli, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kuhusu kukaa kwenye kibodi, anafuata joto la laptopu na mikono yako, basi weka boksi lenye fulana yako ya zamani hapo hapo mezani, na kabla hujaanza kuandika cheza naye kidogo hata na kamba tu, achoke, kisha umlishe. Akishashiba atalala, paka analala saa 12 mpaka 16 kwa siku, muda wa kuandika utaupata tu.

Wenzako wa chuo wanaokucheka waambie mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, alimweka paka wake Chester kuwa mwandishi mwenza wa makala ya kisayansi kwa jina la F.D.C. Willard, kwa sababu alikuwa ameandika "sisi" makala nzima wakati yuko peke yake na hakutaka kuichapa upya. Na ikachapishwa.

Hiyo safari yako ya mwezi ujao ndo ya kupanga sasa hivi. Tafuta jirani unayemwamini, aanze kuja kumlisha wakati bado upo, paka amzoee sauti na harufu, na umwachie namba ya yule daktari.