Uliza Fundi wa Reli: Garratt za Milima ya Wales

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikuwa fayamani (mchochea moto) wa Garratt, zile injini za treni za mvuke, Mombasa hadi Nairobi. Juzi nimeona video ya Garratt ndogo ikipanda milima huko Wales, na eti wanaoiendesha hawalipwi. Yawezekanaje? Na abiria wako salama kweli? (Msomaji, Voi)

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu. Hiyo ni reli ya Welsh Highland, Caernarfon hadi Porthmadog, kilomita 40. Abiria waliikosa tangu 1936, na wakati wa Vita Kuu ya Pili reli zenyewe zikang'olewa. Ilifufuliwa kipande kwa kipande kuanzia 1997 hadi 2011. Wa mshahara wapo, lakini kazi nyingi, hata kulaza mataruma, hufanywa na watu wa kujitolea.

Usalama sasa. Kujitolea si kujiendea. Mtu huanza kwa kusafisha injini, akifuzu anakabidhiwa moto, na kiti cha dereva hakikalii mpaka apite mtihani. Babu yako alipanda ngazi hiyohiyo.

Kinachoua kwenye injini ya mvuke ni maji kupungua. Kwenye kibanda cha dereva kuna kioo chembamba kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Yakishuka chini ya paa la tanuri la moto, chuma hulainika na boila hupasuka. Juu ya paa hilo huwekwa vizibo vyenye madini ya risasi: maji yakikauka risasi huyeyuka, mvuke unafoka motoni, kila mtu kibandani anajua maji yamepungua. Kule Wales kuna sehemu ambapo kila mita 40 reli hupanda mita 1. Injini ikiinama, maji hukimbilia upande mmoja na kioo hudanganya. Ndiyo maana fayamani huijua njia kona kwa kona, na hilo hafundishwi na kitabu, hufundishwa na mzee aliyesimama naye pale pale. Hapo ndipo ninapowaonea wivu. Mafundi wetu wengi wa mvuke wameondoka na ujuzi wao kwa kuwa hakuna kijana aliyesimama kando yao.

Garratt uliyoiona ilihudumu Afrika Kusini, na wengi wa wenzake walitoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kilichotujengea zile Garratt 34 za aina iliyoitwa daraja la 59, kila moja tani 250 na ushei. Moja yao, 5918 Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nenda ukaione. Na kama babu aliacha daftari au picha za kazini, usizichome. Waulize hapo makumbusho kama watakutunzia.