Wasomaji Wauliza: Mwizi Anafuata Nini kwa Mtoto Asiye na Akaunti?

Swali: Mwanangu ana miaka sita, hana simu wala akaunti ya benki. Nasikia hata watoto huibiwa utambulisho. Mwizi atafaidika na nini?
*Mama wa mmoja*

Jibu: Huko kutokuwa na kitu ndiko anakokutaka, mama. Namba ya utambulisho ya mtu mzima ina kodi, mikopo na mwenyewe anayeitumia, kwa hiyo ikichezewa atashtuka. Ya mtoto haina deni wala mtu wa kuichungulia. Mwizi huichukua, akaipachika jina jingine na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima, kisha akaomba laini ya simu au mkopo mdogo. Mkopeshaji asipolinganisha namba na tarehe kwenye daftari la serikali, mtu huyo wa kubuni anapita. Mara nyingi mambo hufumuka mtoto akishatimiza miaka 18 na kuomba mkopo wake wa kwanza.

Dalili ni barua za madai au notisi ya kodi kwa jina la mtoto, na huduma kukataliwa kwa maelezo kwamba namba yake “tayari inatumika”. Ukiambiwa hivyo, usiridhike na kisingizio kwamba mfumo una hitilafu. Omba jibu kwa maandishi. Tangazo la kadi ya benki lenye jina lake si ushahidi wa kutosha, hasa kama ulimfungulia akaunti ya akiba.

Swali: Shule inataka nitume cheti cha kuzaliwa kwa WhatsApp. Ni salama?
*Baba Pacha*

Jibu: Uliza kwanza kama inatosha waone cheti halisi na kukurudishia. Wakisisitiza nakala, ipeleke kwa mkono, na uandike katikati ya karatasi, juu ya maandishi, “Kwa usajili wa shule tu” pamoja na tarehe. Ukiandika pembeni, mtu atakata ukingo na nakala itakuwa safi tena. Namba isiyohitajika izibe kwa kipande cha karatasi kabla ya kutoa nakala. Kuipaka kalamu ya wino kwenye picha ya simu ni kujidanganya, kwani mara nyingi ukiongeza mwanga wa picha tarakimu zinasomeka chini ya wino.

Kama hakuna njia ila kutuma, mtumie mhusika wa usajili peke yake, kamwe si kundi la wazazi. Akishapokea, futeni nyote wawili, pamoja na kwenye folda ya picha zilizofutwa karibuni, maana huko picha mara nyingi hukaa siku 30 au zaidi.

Swali: Niache kuweka picha zake za siku ya kuzaliwa mtandaoni?
*Shangazi*

Jibu: Picha yenyewe haina neno sana. Kinachomponza ni jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na jina la hospitali chini yake. Hivyo ndivyo vya kuacha kuandika.

Swali: Tumekuta mkopo kwa namba ya binti yetu wa miaka tisa. Tunamshuku ndugu wa karibu. Tulipe yaishe?
*Wazazi wenye mashaka*

Jibu: Msilipe hata kidogo. Malipo yanaweza kuhesabiwa kuwa mmelikubali deni. Mwandikieni mkopeshaji, mkiambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwamba siku mkataba uliposainiwa mwenye namba alikuwa mtoto. Ombeni akaunti ifungwe, barua ya kuthibitisha kwamba binti hadaiwi, na nakala ya fomu ya maombi. Fomu hiyo ina saini, anwani na namba ya simu, na mara nyingi humtaja mhusika kuliko tetesi zote za ukoo.

Kisha nendeni polisi mkachukue namba ya taarifa. Tunajua uchungu wa kumshtaki shemeji au mjomba, lakini wakopeshaji wengi hawafuti deni bila taarifa hiyo, na mkimficha yeye, deni linabaki kwa binti.

Andikieni pia kila taasisi inayotunza kumbukumbu za mikopo, muulize kama inaweza kufungia faili la mtoto ili mkopo mpya usitolewe. Marekani, kwa mfano, tangu Septemba 21, 2018 mzazi hufanya hivyo bila malipo kwa mtoto wa chini ya miaka 16, ila lazima aombe taasisi tatu za huko, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja kivyake. Kufungia hakuzuii namba kutumika kwa kodi au ajira, hivyo ulizeni mamlaka ya kodi nayo.