Matokeo yametoka, chuo gani sasa? Majibu kwa wazazi na wahitimu

Tangu Baraza la Mitihani la Tanzania litoe matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipumziki. Nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi. Siku hizi nakaa na familia moja moja, karatasi ya matokeo mezani, tunapanga. Haya ni machache kati ya maswali ya wiki hii.

Mwanangu amesoma PCB: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Shuleni wanasema ana pointi 10, jirani aliyesoma chuo anasema 8. Nani mwongo? Na udaktari ataupata? (Mama, Tanga)

Wote wakweli, mama. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4; namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Nne na tatu na tatu ni 10, daraja la pili. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na huku kubwa ndiyo nzuri. Hapo kijana ana 8. Nimeshaona mzazi akimfokea mtoto kwa hesabu aliyoisoma kinyume, kwa hiyo mimi huandika zote mbili juu ya karatasi kabla hatujazungumza lolote.

Udaktari anaweza kuuomba, maana masomo yote matatu amefaulu. Ila kuwa na sifa ni kuruhusiwa kupanga foleni tu, na foleni ya Chuo Kikuu cha Muhimbili ina watoto wa A na B mbele yake. Aombe, lakini asiombe hiyo peke yake. Muulize kwa upole: anachotaka ni kazi ya hospitali, au ni kuitwa daktari? Kama ni hospitali, kuna uuguzi, famasia na maabara. Kama anapenda mifugo, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro wanafundisha udaktari wa wanyama, kozi ambayo hakuna mzazi anayeitaja mbele yangu, sijui kwa nini. Mkishapata jibu lake, ndipo mfungue kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU na kusoma sifa za kila kozi, chuo kwa chuo. Chuo kinakuja baada ya kozi.

Niko kidato cha nne. Nataka udaktari ila Fizikia inanishinda. Nikichukua CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia)? (Mwanafunzi, Singida)

Hapana. CBG haina Fizikia, na udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kabla hujajaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, jichunguze: Fizikia inakushinda, au hamjapata mwalimu wake tangu kidato cha pili? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kuna kijana anataka shilingi 300,000 amtafutie binti yangu nafasi chuo kikuu, na mkopo juu yake. Nimpe? (Baba, Mbeya)

Usimpe, mzee wangu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni kwa intaneti, na mkopo anauomba mwenyewe Bodi ya Mikopo. Hakuna mlango wa nyuma anaoujua yeye. Mshauri wa kweli anauza muda wake: anamsikiliza mtoto, anasoma sifa za kozi, anauliza mfuko wa nyumbani ukoje. Akikuahidi nafasi, mkimbie.

Hata kwa wanaojazisha steshenari nina kisa. Binti mmoja niliyemfundisha alijaziwa maombi na kijana aliyeweka namba yake mwenyewe ya simu kwa wateja wote, eti kuwarahisishia. Binti akachaguliwa vyuo viwili. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakokwenda kwa namba ya siri anayotumiwa, na namba ile ikaangukia simu ya kijana ambaye alishahama mji. Tulimpata siku ya mwisho, saa kumi jioni. Binti yako aweke namba yake mwenyewe, na nywila aiandike kwenye daftari lake.

Nimesoma EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati). Baba anataka ualimu kwa sababu ya ajira ya serikali, mimi nataka takwimu. Nimwambieje? (Binti, Kigoma)

Usimwambie kwanza, mwanangu, muulize. Baba yako anaogopa kitu, na mara nyingi ni kukuona umerudi nyumbani na cheti bila kazi. Hofu hiyo ni halali, ingawa walimu wenyewe wengi sasa wanasubiri ajira mtaani. Chukua karatasi moja, uandike kozi mbili za takwimu (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika hukohuko Dar) na moja ya ualimu wa hisabati. Mbele ya kila moja weka ada, miaka, na waliomaliza wanafanya kazi wapi. Mpe aisome peke yake, usisimame juu yake. Kama kuna shangazi au baba mdogo anayesikilizwa nyumbani, awepo siku ya mazungumzo. Na ualimu uuache kwenye orodha kama chaguo la mwisho, ili ajue hujamdharau.

Mume wangu alifariki. Mwanangu anaomba mkopo, tuanzie wapi? (Mama, Lindi)

Pole sana, dada. Anzia RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo: cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe mapema, dirisha la maombi ya mkopo likifunguliwa foleni hujaa. Angalieni majina, herufi kwa herufi, yalingane na vyeti vya shule. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, msiliache hilo bila kulijaza kwenye fomu ya mkopo. Na ajue mapema kwamba ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa.

HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza): D, E na S. Basi tena? (Kijana, Tabora)

Bado. Shahada inataka pointi 4 za TCU katika masomo mawili, wewe una 3: D ni 2, E ni 1, na S haihesabiwi hapo. Kwa D na E hizo unaingia stashahada, kwa kawaida miaka miwili. Ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaomba shahada kwa njia ya sifa linganishi, yaani kwa stashahada yako badala ya kidato cha sita. Ama urudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nitumie matokeo yako ya kidato cha nne pia, tuone.