Anayechukua Sampuli Naye Ni Mtafiti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja aliyemaliza stashahada ya sayansi ya maabara. Yuko kwenye mradi wa magonjwa ya mifugo yanayoambukiza binadamu, mkoa sitautaja. Ameandika hivi: "Dada, shikamoo. Makala ya mradi wetu imetoka. Damu za mbuzi karibu zote nimechukua mimi. Nimetafuta jina langu mpaka kwenye shukrani, halimo. Niendelee na kazi hii au nirudi hospitali nikapime malaria?"

Nilimjibu palepale: endelea. Majibu marefu nimeona niyaweke hapa, maana najua wako wengi kama yeye, na najua ninyi mnaonisoma mna ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi: kuwa na swali lako mwenyewe la utafiti, na siku moja kuliona jina lako mwanzo kabisa wa makala. Mwezi uliopita ndoto hiyo ilinitimia. Makala yangu ya kwanza nikiwa mwandishi wa kwanza imekubaliwa. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu njia niliyopita niliumizwa.

Nilianzia Simanjiro. Mradi ulikuwa unatafuta brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, kwa mbuzi na ng'ombe na kwa watu wanaoishi nao kwenye boma moja. Kazi yangu kwenye mkataba iliandikwa neno moja: sampuli. Kijana wa boma anambana mbuzi katikati ya magoti, anamnyanyua kidevu. Wewe unakandamiza kwa kidole gumba kwenye mfereji wa shingo mpaka mshipa unainuka, unaingiza sindano, unajaza tyubu ya kifuniko chekundu. Ukimaliza mbuzi unabadilisha glovu, unanawa, unaingia ndani kwa mwenye mbuzi, unamfunga mpira mkononi na kumchukua damu yeye. Halafu ndiyo shughuli yenyewe inaanza, ile ambayo hakuna anayeiandika. Damu ikitikiswa kwenye barabara ya mashimo chembe nyekundu zinapasuka, seramu, yale maji ya damu yanayobaki juu, inatoka nyekundu, na kipimo hakisomeki vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nakaa na stendi ya tyubu mapajani, nimeikumbatia, dereva namwomba apunguze mwendo. Usiku tukifika gesti tunawasha jenereta, nazungusha damu kwa mashine ili seramu ijitenge, nainyonya kwa pipeti, nabandika namba kichupa kimoja kimoja wenzangu wakiwa wamelala.

Boma moja sijalisahau. Bibi mmoja alikuwa ametoka kumsaidia mbuzi wake aliyetupa mimba, kamvuta mtoto mfu kwa mikono mitupu, na kondo la nyuma kalitoa yeye mwenyewe. Nilimwamkia, nikakaa naye, tukaongea. Akanieleza homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na magoti yanayouma hadi kunyanyuka ni taabu. Zahanati walikuwa wamempa dawa za malaria zaidi ya mara moja. Nilipomaliza kumchukua damu akaniuliza, "Mwanangu, majibu yangu na ya mbuzi yatakuja pamoja?" Nikamwambia nitahakikisha yanakuja.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kisa cha bibi yule ndicho kiini cha fani yetu. Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya 60 katika kila 100 waliambiwa wana malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, wenye malaria kweli walikuwa 14 tu kati ya wote 870. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama yalionekana kwa wagonjwa wengi kuliko hao: homa ya mgunda (leptospirosis), homa ya Q, homa za kupe, brusela. Soma tena takwimu hizo. Kisha fikiria ni bibi wangapi wanameza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Halafu mtu akwambie wewe ni mchukua damu tu!

Basi sampuli zikafika maabara. Kipimo cha brusela kiitwacho Rose Bengal ni rahisi kukieleza: tone la seramu, tone sawa na hilo la antijeni, yaani vimelea vya brusela vilivyouawa na kutiwa rangi ya waridi, unachanganya kwa kijiti, unatikisa sahani polepole dakika 4, unasoma. Kama hakuna kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya brusela, mchanganyiko unabaki laini. Kama zipo, unaona punje zinaanza kujikusanya. Ya mbuzi ilijikusanya. Ya bibi ikajikusanya, mapema kabisa, hata dakika hazijaisha. Nikaenda kwa mratibu kumuuliza majibu yanarudi lini kwenye maboma. Nikaambiwa hiyo si kazi yangu.

Sikukubali. Nilikuwa na daftari langu. Majina ya watu sikuyaandika humo, na nakuomba nawe usiyaandike kamwe. Niliandika namba ya boma, tarehe, hali ya mbuzi, nani alimshika mbuzi aliyezaa au kutupa mimba, wanakunywa maziwa yamechemshwa au mabichi. Kwa daftari lile nilimwonyesha mratibu kwamba namba fulani ya mbuzi na namba fulani ya mtu zinatoka boma moja, kwamba mtu huyo anaumwa, na kwamba ugonjwa huu una dawa. Nilimsumbua mpaka akachoka na mimi. Mwishowe majibu yalipelekwa kituo cha afya kwa utaratibu unaotakiwa, bibi akathibitishwa na kuanzishiwa dawa mbili za wiki 6. Nilikuja kusikia kwa mganga wa kituo kuwa anatembea mwenyewe kwenda mnadani. Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko hata makala.

Makala ya mradi ilitoka baadaye. Niliifungua kwenye simu nikiwa ndani ya daladala. Majina yalikuwa mengi, mengine ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Simanjiro. Langu halikuwemo. Kwenye shukrani waliandika wanawashukuru "wafanyakazi wa uwandani". Na jedwali la pili, lile la mbuzi na mwenye mbuzi kwenye boma moja, lilitengenezwa kutokana na mambo niliyoyaandika mimi. Nilishuka kabla ya kituo changu. Miaka imepita, nimesamehe, lakini nikiona makala ile imenukuliwa mahali moyo bado unashtuka.

Sasa wadogo zangu, nisikilizeni vizuri.

La kwanza: kuwa na daftari. Nimeshasema, narudia. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu isiyofutika, na ukurasa wa kwanza uweke jina lako, jina la mradi na tarehe uliyoanza. Friza hutunza seramu, lakini haijui mbuzi alikuwa amekonda, mvua zilikuwa zimezidi, au mbwa wa boma alikula kondo. Wewe unajua. Ruangwa mwaka 2022, watu walipoanza kuugua homa huku wakitokwa damu puani, hofu ilitanda nchi nzima. Maabara ikapima, Ebola hakuna, Marburg hakuna, Uviko hakuna, ikaonekana ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, watatu wamefariki. Ili kufika kwenye jibu kama hilo lazima awepo mtu aliyechukua sampuli vizuri, akaifungasha vizuri, akaandika vizuri imetoka kwa nani na wapi. Mtu huyo ni mtafiti.

La pili: ulizeni habari ya majina kabla ya kusaini, na majibu yaje kwa maandishi. Wengi mnaona haya. Mnasema atanionaje mkubwa. Mimi kwenye mradi uliofuata niliuliza siku ya kwanza, kwa adabu, kwa barua pepe: nikifanya hiki na hiki, nitakuwa miongoni mwa waandishi? Mkuu wa mradi ule hakukasirika hata kidogo, alinijibu siku hiyohiyo. Jueni na kanuni zenyewe. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: uwe na mchango mkubwa katika kubuni kazi, au kukusanya, kuchambua au kufasiri data; ushiriki kuandika au kuhakiki rasimu; uidhinishe toleo la mwisho; na uwe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Maana yake, kuchukua damu peke yake hakutoshi, na hilo tulikubali. Lakini kanuni hizohizo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuhakiki na kuidhinisha. Huwezi kumnyima mtu rasimu halafu ukasema hakuisoma. Kwa hiyo ombeni rasimu. Isomeni hata kama Kiingereza chake kinawachosha. Andikeni maoni pembeni. Daftari lako ndilo litakalokupa la kusema pale, ndiyo maana nalirudia.

La tatu ni uhai wako. Hili silegezi. Mwaka 1967 huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, waliougua kwanza virusi ambavyo leo tunaviita Marburg walikuwa wafanyakazi wa maabara walioshughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda, pamoja na viungo vyao. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Mwaka 2023 ugonjwa huohuo ukaingia kwetu Kagera. Homa ya Bonde la Ufa ilipogunduliwa Naivasha, Kenya, kwenye kondoo waliokuwa wakitupa mimba, mtafiti Daubney na wenzake waliandika taarifa yao mwaka 1931, na ndani ya kazi ile watafiti wenyewe waliugua. Brusela nayo iko katika orodha ya juu ya maambukizi yanayopatikana maabara. Ukiotesha bakteria wake nje ya kabati la usalama, lile linalozuia hewa yenye vimelea isikufikie, ukainusa sahani ya kuoteshea, umekwisha kuwavuta. Kwa hiyo mashine ya kuzungusha damu ikisimama usikimbilie kufungua kifuniko, subiri. Tyubu ikipasukia ndani, subiri zaidi. Mkiwa kwenye utafiti wa kichaa cha mbwa dai sindano za kinga kabla hujagusa ubongo wa mbwa yeyote. Mradi ukikwambia glovu zimeisha, kazi imesimama mpaka glovu zije. Wapo vijana wanaoogopa kusema hivyo wasionekane wavivu. Semeni. Mama aliyekuzaa hana habari na bajeti ya mradi.

Na tafadhali, acheni kujiita "mimi ni wa maabara tu". Nawasikia kwenye semina, daktari wa binadamu anajitambulisha kwa kifua, daktari wa mifugo anajitambulisha kwa kifua, wa maabara anasema yeye "wa maabara tu". Afya Moja tunayoiimba kila warsha, binadamu na wanyama na mazingira pamoja, hukutana kwa mara ya kwanza mikononi mwako, kwenye stendi moja yenye tyubu ya mbuzi na tyubu ya mchungaji. Tembeeni na kichwa juu. Someni jioni. Andikeni.

Kuhusu binti aliyeniandikia: mdogo wangu, kabla hujaacha kazi, kaa chini uandike barua kwa mtafiti mkuu. Usilaumu. Taja sampuli ulizochukua, vipindi ulivyofanya kazi, na vitu vilivyomo kwenye makala vilivyotokana na kazi yako, kila kimoja na ukurasa wake. Omba mambo mawili: kwanza akueleze kwa nini hukushirikishwa kwenye rasimu, pili jina lako liongezwe, na kama masharti ya uandishi hayakutimia, basi liwekwe kwenye shukrani kwa idhini yako. Majarida huchapisha masahihisho, na safu ya waandishi huweza kurekebishwa wote wakikubaliana. Mimi sikuandika barua hiyo kwa sababu hakuna aliyeniambia inawezekana. Iandike mchana, mpe mtu unayemwamini aisome, kisha itume na nakala kwa msimamizi wako. Na kama kwenye daftari lako kuna maboma ambayo majibu yake hayajarudi, yaulizie kwenye barua hiyohiyo.