Fundi Anajibu: Kiwashio cha Biri cha Kuchaji, Kisicho na Mwali

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: jinsi ya kutengeneza kiwashio cha umeme kinachochajiwa na kisichotoa mwali, cha kuwashia biri, yaani ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringwa. Maswali tumeyapanga kwa kufuata kazi yenyewe, tukianza na koili, yaani waya uliozungushwa unaopata moto kwa umeme.

Swali: Nina kiwashio cha cheche mbili zinazokatizana. Sigara ya kawaida kinaiwasha vizuri, lakini biri kinaichoma alama nyeusi tu katikati. Nikiongeza nguvu ya cheche, kitafaa?

Jibu: Hakitafaa, maana shida yako ni upana. Cheche huruka kati ya ncha zilizoachana milimita 4 au 5, na hapo sigara nyembamba inapenya. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi: namba 42 ina kipenyo cha mm 16.7, namba 50 ina mm 19.8, na namba 60 inakaribia mm 24. Kuivusha cheche pengo hilo kunataka volti nyingi mno, na volti hizo zitatafuta njia fupi kupitia bodi yako kabla ya kufika kwenye tumbaku. Hata ukifanikiwa, utaunguza mstari mmoja. Biri inataka uso wake wote upate moto kwa pamoja, la sivyo upande ulioshika kwanza unatangulia kuungua na mwingine unabaki nyuma mpaka mwisho.

Unachohitaji ni kisahani chekundu cha moto kinachomulika joto bila kugusa tumbaku. Kiwashio cha gari kimefanya kazi hiyo miaka mingi kwa volti 12 na mkondo wa takriban ampea 10, ila kisahani chake ni kidogo kwa biri nene. Chako kiwe na kipenyo cha mm 22.

Swali: Nimezungusha waya wa nikromu (aloi ya nikeli na kromiamu) wa mm 0.5, wa duara, ukiwa na ukinzani wa omu 0.9. Unawaka haraka sana, kisha sehemu moja inakuwa nyeupe na kukatika. Mara ya pili haukukatika, lakini ulichomoka pale nilipoulehemu. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea mahali pawili, na pote pawili hukosewa na wengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza, ngozi ya waya. Nikromu ya mm 0.5 ina takriban omu 5.5 kwa mita, kwa hiyo omu 0.9 ni mm 162 tu. Eneo la nje la kipande hicho ni sentimita mraba 2.5. Ukikipitishia wati 50, kila sentimita mraba inabeba wati 20. Mzigo huo unaufikisha waya karibu na nyuzi 1,200 za Selsiasi, ambazo ndizo kikomo cha nikromu. Hapo dosari yoyote inatosha kuukata: mahali ulipobanwa na koleo ukapungua unene, au mizunguko miwili iliyokaribiana ikawa inapashana moto. Palipo pembamba pana ukinzani zaidi, ukinzani zaidi unaleta joto zaidi, na joto linazidi kupanda mahali hapohapo.

Tumia utepe. Tunapendekeza utepe wa Kanthal A-1, aloi ya chuma, kromiamu na alumini, wenye unene wa mm 0.2 na upana wa mm 1.5. Una omu 4.8 kwa mita, kwa hiyo mm 186 zinakupa omu 0.9 uleule ulioutaka, lakini eneo la nje ni sentimita mraba 6.3. Kwa wati 45 kila sentimita mraba inabeba wati 7 hivi, nao utepe unatulia kati ya nyuzi 850 na 950: rangi ya chungwa, si nyeupe.

Uzungushe kama konokono, utepe ukiwa umesimama kwa ubavu wake, mizunguko mitano na nusu ikiachana mm 2 kutoka katikati hadi katikati. Utepe uliosimama haulegei kwa urahisi unapokuwa mwekundu. Uliolala hubonyea katikati kama kitanda kilichochoka. Kata mm 210, ili mm 12 za kila mwisho ziwe miguu. Miguu hiyo iongeze unene kwa kipande cha utepe kilichochomelewa juu yake kwa nukta za umeme, ili ipoe kuliko koili.

Sasa kosa la pili. Risasi ya kulehemu ya bati na ledi inayeyuka kwenye nyuzi 183, na ile isiyo na ledi kwenye 217 au zaidi kidogo. Mguu wa koili unalipita joto hilo bila taabu. Isitoshe, Kanthal hujifunika tando la alumina, yaani oksidi ya alumini, ambalo risasi haishiki. Miguu ichomelewe kwa nukta kwenye vijiti vya chuma kisichoshika kutu, au ibanwe kwa skrubu ya chuma hicho. Vijiti vipenye kigae cha alumina au steatiti chenye unene wa mm 4, na waya wa shaba uungwe upande wa pili, ubanwe kwa koleo la kubania vituo vya waya. Gundi ya epoksi usiipeleke karibu. Hapo ni saruji ya seramiki tu.

Neno moja kuhusu Kanthal: ikishawahi kuwaka inakuwa rahisi kuvunjika kama kijiti kikavu. Maumbo yote yakamilike kabla ya moto wa kwanza. Ukiinyoosha baadaye, itavunjika mkononi. Ukijua kiwashio kitaangushwaangushwa, nikromu ya utepe itastahimili zaidi, ingawa maisha yake kwenye moto ni mafupi kidogo.

Swali: Seli moja ya 18650, yaani betri ya lithiamu yenye umbo la bomba, inatosha? Nimeunganisha na bodi ndogo ya kuchaji ya TP4056 yenye ulinzi, nikibonyeza koili haiwaki kabisa. Bila koili, bodi inaonyesha volti 4.1.

Jibu: Bodi hiyo inakata umeme kwenye ampea 3 hivi, na koili yako inadai nyingi zaidi. Kwa hiyo ulinzi unafanya kazi yake.

Seli moja inaweza, lakini inakuumiza. Wati 50 kwa volti 3.6 ni ampea 14, na koili lazima iwe na omu 0.26. Ndani ya mzunguko kuna ukinzani mwingine usioepukika: seli miliomu 25, na nyaya, viunganishi na mosfeti (swichi ya kielektroniki inayoendeshwa kwa mguu wake uitwao geti) miliomu 30 kwa pamoja. Sehemu ya sita ya nguvu inapotelea humo na kuwa joto mahali usipolitaka. Seli mbili mfululizo, pamoja na koili ya omu 0.9 inayofika 0.94 ikiwa moto, hupoteza asilimia 8 tu.

Kwa seli mbili zilizojaa, volti 8.4, mkondo ni ampea 8.4 na koili inapata wati 66. Kwa hiyo chagua seli zilizoandikwa na mtengenezaji kuwa zinaruhusu mkondo endelevu wa ampea 15 au 20, na bodi ya ulinzi ya seli mbili inayokata kwenye ampea 15, yenye kusawazisha. Seli za tochi za bei rahisi au zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu zitashuka volti mara tu unapobonyeza, na utadhani koili ni mbaya.

Wati 66 ziache ziende sekunde 5 za mwanzo, maana kupasha gramu 0.4 za utepe mpaka rangi ya chungwa kunakula juli 220 hata kabla ya kuhesabu joto linalotoroka. Kisha ushushe hadi wati 45 kwa kuwasha na kuzima mosfeti mara 30 au 50 kwa sekunde. Koili haipoi kwa kasi hiyo, kwa hiyo huna haja ya masafa ya juu wala kiendeshi maalumu cha geti. Chipu ya udhibiti ipime volti za koili ikiwa na mzigo: zikiwa 7.9, wati 45 zinapatikana kwa kuwasha asilimia 68 ya muda. Zikishuka chini ya 6.5, hata kuwasha muda wote hakufikishi 45, basi taa iombe kuchajiwa.

Kuwasha biri moja kwa sekunde 25 kunatumia takriban wati-saa 0.37. Seli mbili za mAh 2,500 zinabeba 18, na ukiacha akiba ya kuzitunza unapata kama biri 40 kwa chaji moja.

Swali: Kilijiwasha chenyewe ndani ya mkoba. Swichi ni kitufe kinachopeleka ishara kwenye chipu, na chipu inaendesha mosfeti. Mkoba umetoboka.

Jibu: Usikitumie tena mpaka ukibadilishe, tafadhali. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ukurasa huu.

Kwa maelezo yako tunalishuku geti la mosfeti. Chipu inapoanza, au volti zinaposhuka na ikajizima, pini yake haishiki upande wowote, na geti linaelea. Chaji kidogo tu inatosha kuifungua mosfeti nusu. Rezista (kipande cha ukinzani) ya kiloomu 10 kutoka geti hadi hasi inalimaliza hilo, pamoja na ya omu 100 kati ya pini na geti. Mosfeti iwe ya volti 20 au 30, yenye ukinzani usiozidi miliomu 5 ikipewa volti 4.5 kwenye geti. Ikiwa chipu yako inatoa 3.3, soma jedwali la mtengenezaji kwa volti hizo, kwa kuwa mosfeti isiyofunguka vizuri hupata moto hadi kufa.

Nayo mosfeti ikifa, aghalabu hufa ikiwa imeungana, yaani koili inabaki imewashwa na chipu haina la kufanya. Kwa sababu hiyo kitufe cha ishara peke yake hakitoshi. Weka swichi ya pili inayobeba mkondo wenyewe, inayofunguliwa na kifuniko: kifuniko kikifungwa, waya wa koili unakatwa kimwili. Kisha weka fyuzi ya joto ya ampea 10, ya nyuzi 72, ikigusa ubavu wa seli. Fyuzi hiyo usiilehemu, ibane. Moto wa kulehemu huikata ndani, nawe utahangaika kutafuta kwa nini chombo kipya hakiwaki.

Kwenye programu, mbonyezo uwe wa nusu sekunde kabla ya kuwasha, na baada ya sekunde 25 kijizime hata kama kidole bado kimebonyeza.

Swali: Naweza kujua joto la koili kwa kupima ukinzani wake?

Jibu: Kwa Kanthal, hapana. Kutoka baridi hadi nyuzi 1,000 ukinzani wake unapanda kama asilimia 4 tu, na kiunganishi kilicholegea kinakupa badiliko kubwa kuliko hilo. Nikromu nayo haina nafuu ya maana. Dhibiti kwa wati na muda.

Swali: Kinachaji kwa waya wa USB wa zamani, lakini waya wenye ncha ya C pande zote mbili haukichaji. Pia mwili wa alumini unapata joto mpaka kwenye seli.

Jibu: Zimesahauliwa rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kutoka pini ya CC1 na moja kutoka pini ya CC2 za tundu la USB-C hadi hasi. Usiziunge pini hizo kwa rezista moja. Zinataka kila moja yake. Kumbuka pia kwamba seli mbili zinataka chipu ya kuchaji inayopandisha volti 5 hadi 8.4. Ampea 0.8 upande wa seli zinaomba karibu ampea 1.5 kwenye USB, na zinajaza kwa muda wa saa nne kasoro.

Kuhusu mwili, alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma kisichoshika kutu. Shingo inayobeba koili iwe bomba la chuma hicho lenye unene wa mm 0.3, lenye matundu pembeni, na kati ya kigae na seli acha hewa mm 15 pamoja na kipande cha mika, madini yanayozuia joto. Alumini itumike chini tu. Seli zisipite nyuzi 60 zikitumika, wala 45 zikichajiwa.

Swali: Biri inapata ladha ya chuma, na majivu yananata kwenye koili.

Jibu: Koili mpya iwashwe mara kumi bila biri, sekunde 20 kila mara na ipoe katikati, ili mafuta ya kiwandani yaungue na tando la alumina lishike. Kisha angalia umbali. Koili ikae mm 3 chini ya ukingo, na biri ishikwe mm 2 juu ya ukingo huo. Kwa kisahani cha mm 22, uso ulio umbali wa mm 5 unapokea karibu asilimia 64 ya joto linalomulikwa mbele. Kwa mm 10 ni 41, na kwa mm 15 ni 28 tu. Watu wakiona haishiki huikandamiza biri kwenye koili, na hapo ndipo majivu yanapoganda, mizunguko inagusana, na ule mng'ao mweupe wa mahali pamoja unarudi. Ukingo wenye meno matatu madogo ya seramiki unaizuia biri isishuke, huku hewa ikiingia pembeni. Majivu yaliyokwisha kunata yaunguze kwa sekunde 20, acha koili ipoe kabisa, kisha yapulize. Usiyakwangue.