Klabu za bata za Chesapeake ziliishia wapi?

Kaka, umeuliza kwa nini klabu za matajiri waliokuwa wakiwinda bata kwenye ghuba ya Chesapeake, Maryland, zimebaki hadithi. Wengi watakwambia ni sheria. Kweli, mwaka 1935 Marekani ilipiga marufuku bata hai wa kuvutia wenzao, pamoja na lile sanduku la kulalia majini. Lile sanduku bwana! Mwindaji alijificha humo, kalala chali kama maiti, kichwa sawasawa na maji, kazungukwa na mamia ya bata bandia wa mbao, na juu ya mabawa ya sanduku, yaani fremu bapa za pembeni, walipangwa bata wa chuma ili lizame kiasi.

Ila mimi nalaumu maji. Bata aina ya canvasback walifuata nyasi za chini ya maji pale mto Susquehanna unapoingia ghubani. Tope na mbolea za mashambani zikazidhoofisha, halafu Juni 1972 kimbunga Agnes kikamalizia. Chakula kimeisha, bata wamehama, nani alipe ada akae kutazama maji matupu? Nyasi zimeanza kurudi, lakini bata wa mbao sasa wako makumbusho ya mji wa Havre de Grace, hukohuko Maryland, ndani ya kabati za vioo.